Pumzi ni Amana: Wasia kwa Wenye Pumu na Wanaowauguza

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema zake zilizo dhahiri na zilizofichikana, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, kuna suala moja ambalo naulizwa mara kwa mara, baada ya darsa ya magharibi, na pengine hata njiani nikienda sokoni. Suala lenyewe ni hili: Je, yafaa Muislamu mwenye maradhi ya pumu kutumia zile dawa ziitwazo steroidi, na hali yasemekana kwamba zinaharibu mwili? Wengine huliuliza kwa sura nyengine: Je, kuvuta dawa kila siku bila ya kuumwa si upungufu wa kumtegemea Mungu? Na wako wanaouliza khasa unapokaribia mwezi wa Ramadhani: Je, inhela inafunguza?

Mimi si tabibu. Ni mwalimu wa chuo, na elimu yangu ni ya misikitini. Lakini pumu ninayo tangu utoto, na wenye pumu nimewauguza. Ama yale ya kitabibu nitakayoyataja humu, nimeyapata kwa wenye elimu yake, kwani tumeamrishwa kuwauliza wajuao katika yale tusiyoyajua.

Nilipokuwa mtoto hapa Unguja, katika miaka ya 1960, dawa za pumu zilikuwa chache. Wazee wetu wakikausha majani ya mnanaha, wakiyachoma, na mgonjwa akivuta moshi wake. Usidhani kuwa walikuwa wakibahatisha. Mnanaha una kitu kinacholegeza misuli ya njia za hewa, na huko Ulaya pia zilikuwapo sigara za mmea wa jamii hiyo zikiuzwa kwa wenye pumu. Lakini mnanaha vile vile ni sumu, na mwenye kuzidisha huweweseka, na pengine hufa. Nakumbuka masiku niliyokesha nimeketi kitandani, mikono nimeikaza magotini, na mama yangu amenishika mgongo akinisomea. Asiyepata kubanwa na pumu hajui thamani ya pumzi moja. Sisi tunaipokea pumzi na kuirudisha maelfu ya mara kwa siku moja bila ya kushukuru hata mara moja.

Maradhi haya si mapya kwa Waislamu. Waarabu huyaita rabu, na mwishoni mwa karne ya 12 Musa bin Maymun, tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika dola ya Ayyubi, aliandika kitabu kizima juu yake kwa lugha ya Kiarabu, akahimiza sana habari ya chakula na hewa safi. Wala si maradhi madogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo, na wengi wa waliokufa ni wa nchi kama hizi zetu, ambazo dawa hazipatikani kwa wepesi au hazitumiwi kama ipasavyo.

Sasa tufahamu pumu ni kitu gani, kwani asiyeufahamu ugonjwa hawezi kuifahamu dawa yake. Ndani ya kifua mna mirija inayopitisha hewa. Mirija ya mwenye pumu ina balaa mbili. Ya kwanza ni kuwa misuli inayoizunguka hukaza ghafla, njia ikawa nyembamba, na kifua kikapiga mluzi. Ya pili ni kuwa ngozi ya ndani ya mirija hiyo huvimba na kutoa belghamu nzito. Balaa ya kwanza mgonjwa huisikia saa ile ile. Ama ya pili hukaa kimya, hata siku ambayo mgonjwa anajiona mzima. Ni kama moto wa makumbi: ukitazama juu waona jivu, na chini yake kaa linawaka, linangoja upepo tu.

Kwa ajili hiyo dawa nazo ni za namna mbili. Iko inhela ambayo mara nyingi huwa ya rangi ya buluu, nayo ni ya salbutamoli, dawa iliyotoka mwaka 1969. Hiyo huilegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake hudumu kiasi cha saa nne. Na iko nyengine, ambayo mara nyingi huwa ya rangi ya kahawia, yenye steroidi ndani yake. Ya mwanzo kupata sifa ni ya beklometasoni, iliyotoka Uingereza mwaka 1972. Hii haimfungui mtu kifua saa ile ile, na kwa hivyo wengi huidharau. Kazi yake ni kuuzima moto wa makumbi, pole pole, siku baada ya siku, na huenda zikapita wiki kadhaa ndipo mtu akaiona faida yake yote.

Jina hili la steroidi ndilo linalotisha watu. Wengi wamesikia habari ya wanariadha kunyang'anywa medali, kama alivyonyang'anywa Ben Johnson wa Kanada katika michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Hizo ni steroidi za kutunisha misuli, nazo si hizi za pumu. Hizi zetu ni za jamii ya kotisoni, dawa ambayo Daktari Philip Hench na wenzake wa Marekani walianza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, na mwaka 1950 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Na jambo la kuzingatia ni hili: kitu cha jamii hiyo hiyo Mwenyezi Mungu amekiweka ndani ya miili yetu. Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayokitengeneza. Huzidi wakati wa asubuhi tunapoamka, na hupungua usiku. Basi anayesema kuwa steroidi ni kitu kigeni kwa mwanaadamu amesema asilolijua.

Lakini, ndugu yangu, dawa ni kama chumvi. Ikipungua chakula hakiliki, na ikizidi hakiliki vile vile. Nami nimeyaona mawili hayo kwa macho yangu, kuzidi na kupungua, na yote mawili yameingia katika nyumba ninazozijua.

La kwanza ni la dada yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye alipewa vidonge vya prednisoloni na muuza dawa mmoja, bila ya cheti wala kupimwa. Siku ya tatu akawa anapanda ngazi bila ya kutweta. Akaona dawa ndiyo hii, na yule muuzaji akawa anamuuzia kila mwezi, kwa muda wa miaka minane, pasina hata siku moja kumwambia nenda kamuone daktari. Uso ukamviringika kama mwezi wa kumi na nne, na watu wakimsifu kuwa amenawiri! Ngozi ikawa nyembamba, akigusa mlango mkono unavilia damu. Akaingiwa na sukari. Kisha akaja mtu akamwambia kuwa vidonge hivyo ni sumu, naye akaviacha siku ile ile. Hazikupita siku nyingi tukamchukua hospitali hawezi hata kuinua kichwa. Daktari akatufahamisha kuwa zile tezi za juu ya mafigo, zilipoona kazi yao inafanywa na kidonge, zililala. Na kidonge kilipoondoka ghafla, mwili ukakosa vyote viwili. Dawa ya namna hii, iliyotumiwa muda mrefu, haiachwi ila kwa kupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya tabibu. Alipona, lakini baada ya miaka miwili aliteleza ukumbini, mwanguko mdogo tu, na mfupa wa nyonga ukavunjika kwa udhaifu.

La pili ni la kijana mmoja wa mtaani kwetu. Alisoma chuoni kwangu mpaka akahitimu juzuu thalathini, kisha akashika useremala, na vumbi la mbao, kama ijulikanavyo, ni adui wa mwenye pumu. Hospitali walimpa inhela mbili, ya buluu na ya kahawia, naye akastawi karibu mwaka mzima. Kisha akakutana na mtu anayeuza dawa za miti na kuchanganya maneno ya dini katika biashara yake. Akamwambia: Hiyo ya kahawia ni steroidi, itakula mifupa yako, na tena utakuwa mtumwa wake maisha. Maneno yakamuingia, kwani hata mambo ya dada yangu yalikuwa yakijulikana mtaani. Isitoshe, ile ya kahawia bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya buluu. Akaiacha. Akabaki na ya buluu, mwanzo mara moja kwa siku, kisha mara nne, kisha akawa haiweki chini. Kila ikimfungua kifua akidhani anapona, na kumbe moto unapanda chini ya jivu. Usiku mmoja wa kaskazi, kabla ya alfajiri, alibanwa, na gari ilipopatikana ilikuwa hapana tena haja ya gari. Nilikuwamo katika waliomuosha. Katika mfuko wa shati yake zilikuwamo inhela mbili za buluu, na zote mbili tupu.

Siku ya tatu, baada ya hitima, baba yake alinivuta pembeni akaniuliza: "Maalim, niambie kweli. Ni siku yake ndiyo iliyofika, au sisi ndio tuliomuua?"

Suala hili ni zito, na ndilo lililonitia kalamu mkononi. Nilimwambia: "Ndugu yangu, ajali imeandikwa, na hapana wa kuitanguliza wala kuiakhirisha. Wewe hukumtakia mwanao ila kheri. Lakini yaliyoandikwa hatutaulizwa. Tutaulizwa tuliyoamrishwa, nasi tumeamrishwa kushika sababu. Una watoto wengine wanne, na wawili katika hao wanakohoa usiku. Hao ndio watakaoulizwa kwako kuanzia leo." Akalia, nami nikalia naye. Wiki ile ile akawachukua watoto hospitali.

Na yaliyompata kijana huyu si ya huku kwetu tu. Uingereza, yenye hospitali kila mji, ilichunguza vifo vya pumu, na ripoti iliyotolewa mwaka 2014 ikaonyesha kuwa wengi katika waliokufa walipewa dawa ya kufungua kifua kupita kiasi, na ile ya kuzuia chini ya kiasi. Na mwaka 2019 jumuiya ya mataraji wa pumu ulimwenguni iitwayo GINA iliacha kupendekeza kwamba mtu mzima atibiwe kwa ile ya kufungua peke yake. Ikasema kuwa kila mwenye pumu, mtu mzima na kijana, apate dawa yenye steroidi ya kuvuta, japo kwa kiasi kidogo.

Sasa tazama tofauti baina ya alichozidisha dada yangu na alichokikimbia kijana yule. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, nacho huingia tumboni na kuzunguka mwili mzima. Mvuto mmoja wa inhela ya beklometasoni huwa mikrogramu 100 au kiasi cha hapo, nao huenda pale pale penye ugonjwa. Nguvu za dawa mbili hizi si sawa kwa uzito, lakini hata hivyo mtu mwenye akili huona kwamba hapa pana tofauti ya kumwagia mche mmoja maji kwa kata na kufurisha shamba zima. Sisemi kuwa ya kuvuta haina dhara kabisa. Huweza kuleta utando mweupe mdomoni na kukwaruza sauti. Na mtoto anayeitumia huenda kimo chake kikapungua kiasi cha sentimita moja. Lakini ni nani mzazi atakayechagua kupata sentimita moja akampoteza mtoto? Hata vidonge vyenyewe si adui. Mgonjwa akibanwa vibaya, daktari huweza kumpa mtu mzima vidonge vinane kwa siku moja, kwa muda wa siku tano mpaka saba, na siku chache hizo huokoa roho. Ubaya ni kuvifanya chakula cha kila siku bila ya tabibu.

Ama anayeona kuwa dawa ni upungufu wa imani, na akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alijitibu, akawahimiza masahaba wake wajitibu, na akatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Na yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Inhela ya kahawia ni ile kamba ya ngamia.

Na anayetoa fatwa za dawa naye hana elimu ya dawa, na atetemeke kwa kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammamu, wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akawabebesha wale watu dhima ya kifo chake, na akabainisha kuwa ponyo la kutojua ni kuuliza. Watu wale walikuwa masahaba, na nia yao ilikuwa kuihifadhi sala. Basi itakuwaje hali ya muuza chupa sokoni, ambaye nia yake ni kuuza chupa?

Tuje kwenye funga. Wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana juu ya inhela. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia walitoa fatwa kuwa haifunguzi, kwani si chakula wala kinywaji wala haichukui nafasi yao. Wengine, khasa wanaoshika kauli ya madhehebu yetu ya Shafi kwamba kitu chenye kiwiliwili kikifika ndani ya mwili kwa njia iliyo wazi hufunguza, wameona kuwa inafunguza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jiddah mwaka 1997 lilitaja mambo mengi yasiyofunguza, lakini suala la inhela ya pumu lililiakhirisha lichunguzwe zaidi. Basi tusilaumiane katika jambo ambalo wakubwa walilisimamia kwa tahadhari.

Lakini tazama huruma ya Mola: khitilafu hii takriban yote ni juu ya ile ya buluu, inayohitajiwa ghafla mchana. Ile yenye steroidi kwa kawaida huvutwa asubuhi na usiku, na wengine huivuta mara moja tu kwa siku. Basi ivute wakati wa daku, na uivute tena baada ya kufuturu, na funga yako haina mgogoro na mtu. Na mwenye kudumu nayo kabla ya Ramadhani, mara nyingi ile ya buluu hataihitaji mchana. Ama akibanwa mchana, ni wajibu wake avute dawa saa ile ile, wala haijuzu kungoja adhana ya magharibi huku roho inatoka. Akifuata kauli ya kuwa imefunguka, atalipa siku moja baada ya Ramadhani. Sura ya Baqara imempa mgonjwa ruhusa hiyo waziwazi, na ruhusa ya Mola hairudishwi.

Namalizia kwa wasia mchache.

Kwanza, usianze dawa hizi kwa maneno ya dukani, wala usiziache kwa maneno ya barazani. Ziko nchi ambamo dawa zilizouzwa kwa jina la miti zilipopimwa zilionekana zimetiwa steroidi kali kwa siri. Ukiona dawa ya miti inakuponya kwa siku mbili, jiulize imetiwa nini.

Pili, ivute inhela ya kahawia kabla ya kutawadha kwa alfajiri na kwa isha. Madaktari wanataka mtu asukutue na ateme baada ya kuivuta, ili ule utando usiote mdomoni, na sisi kusukutua ni sunna katika udhu wetu. Hivyo ukaukinga mdomo wako na ukapata thawabu.

Tatu, jifunze kuivuta. Itikise, toa pumzi, vuta pole pole pamoja na kubonyeza, kisha zuia pumzi kiasi cha kuhesabu kumi. Mtoto asiyeweza, awekewe chupa. Madaktari wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 uchunguzi ulioonyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri na kuungwa na inhela, yafanya kazi sawa na kile chombo cha kununua.

Nne, nyumba yenye mgonjwa wa pumu ipunguzwe moshi wa makaa, vumbi la mazulia, na hata udi na ubani. Kunukiza ni jambo zuri, lakini kumdhuru Muislamu si jambo zuri. Na sisi maimamu tuyakung'ute mazulia ya misikiti yetu nje, si watu wakiwa safuni.

Tano, mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa kutweta, au midomo yake imegeuka rangi, au dawa ya buluu haimsaidii, apelekwe hospitali upesi. Hapo si mahali pa kujaribu jaribu.

Sita, enyi wenye mali, yuko jirani yenu anayenunua ya buluu kwa sababu ya kahawia haimudu. Kumnunulia fakiri dawa ya mwezi ni sadaka ambayo kila pumzi yake itakushuhudilia.

Na mwisho nawausia nafsi zetu. Wako watu ambao dini yao ni kama inhela ya buluu: hawamkumbuki Mola wao ila wakibanwa, na kifua kikifunguka wanamsahau. Na tumefundishwa kuwa amali apendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zile za kudumu, japokuwa ni chache. Ambaye kila asubuhi na kila usiku anafanya kidogo asichokiona faida yake siku ile, huyo moyo wake hauwaki moto chini ya jivu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, wape subira wazazi waliopoteza watoto, na utujaalie tuitumie kila pumzi uliyotupa katika yale unayoyaridhia. Amin.